Mchoraji Naye ni Mwandishi

Mhadhara uliotolewa Butiama, mkoani Mara, mbele ya walimu, wazazi, wanafunzi na wapenzi wa vitabu



Kusimama Butiama kuzungumzia vitabu kuna uzito wake. Mwalimu Nyerere, mzee aliyelala pale Mwitongo, alitafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 akiwa Rais, nchi bado changa na kazi zimemjaa mezani. Mwaka 1969 akaleta Mabepari wa Venisi. Uzeeni, baada ya kung'atuka, akazigeuza Injili kuwa tenzi. Kwa hiyo naomba ruhusa ya wenyeji kabla sijaendelea. Mmeitikia, ahsanteni.

Nimekuja na jambo moja. Nataka tukubaliane kwamba mtu anayewachorea watoto hadithi ni mwandishi sawasawa na yule anayeziandika kwa maneno, na kwamba maisha yake ya kazi yahesabiwe, yalipwe na yatajwe hivyo. Nimewachorea watoto vitabu kwa miaka mingi, kwa hiyo sisemi kama mtazamaji. Nina hoja nne. Ya kwanza ni ndefu kuliko nyingine zote, mnivumilie. Nikiwashawishi kwa hiyo, zilizobaki zitakwenda zenyewe.

Hoja ya kwanza: picha inasimulia, haipambi

Watu wengi wanadhani picha katika kitabu cha mtoto ni kama maua kwenye kitambaa cha meza. Chakula kiko tayari, maua yanaongezwa ili mgeni afurahi. Mimi nasema picha ni chakula chenyewe. Niwaonyeshe kwa hadithi ambayo wenzetu Waluo wa Rorya wanaijua kuliko mimi, ya Lwanda Magere.

Lwanda Magere alikuwa shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mkuki ulimgonga ukapinda, mshale ukaanguka chini. Adui wakachoka kupigana naye, wakampa binti mzuri amwoe ili apeleleze siri yake. Siku moja shujaa akaugua, akamwambia mkewe amchanje apate nafuu. Wembe haukupenya. Ndipo akamfunulia: usichanje mwili, chanja kivuli changu. Mke akachanja kivuli kilicholala ardhini, damu ikatoka. Usiku ule akakimbilia kwao. Vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli, na Lwanda Magere akaanguka.

Sasa tazameni tofauti. Anayesimulia kwa maneno anaweza kukificha kivuli mpaka pale anapokihitaji. Atasema shujaa alikuwa na nguvu, alikuwa mrefu, alitisha, asiguse neno kivuli hata mara moja mpaka siku ya ugonjwa. Mchoraji hana nafasi hiyo. Jua likiwaka, kila mtu ana kivuli. Tangu ukurasa wa kwanza lazima aamue: nikichore au nisikichore? Kama ni asubuhi kitakuwa kirefu, kinaelekea wapi? Saa sita mchana kinakuwa kidogo chini ya miguu. Je, vita vya kwanza, ambavyo shujaa anashinda, vipiganwe adhuhuri ili kivuli kisionekane na adui? Na vita vya mwisho vipiganwe jua likishuka, kivuli kimeenea uwanja mzima, adui hana haja hata ya kulenga vizuri?

Mchoraji mzuri akifanya hivyo, mtoto wa miaka saba atakuwa ameona kivuli mara kumi kabla neno lenyewe halijaandikwa. Siri inapofunuliwa, atarudi nyuma, ataweka kidole, atasema: hiki hapa, kilikuwepo siku zote! Nani kamwandikia mtoto yule furaha ile? Aliyeshika penseli.

Hadithi hiyo ilichapwa kweli kwa michoro. Mwaka 1996 palianza Nairobi kampuni iliyoitwa Sasa Sema, iliyojitolea kutoa riwaya za michoro, yaani hadithi kamili za katuni zenye mwanzo na mwisho. James Kamawira aliichora Lwanda Magere. Katika mfululizo huohuo Mtanzania mwenzetu, Godfrey Mwampembwa, mnayemfahamu kwa jina la Gado, alimchora Abunuwasi. Fikirini uzito wa kazi ile. Abunuwasi ameishi vinywani mwa watu wa pwani miaka na miaka bila sura. Kila bibi aliyemsimulia alikuwa na Abunuwasi wake. Gado alilazimika kuchagua pua, macho, tumbo, namna ya kutembea. Mtu mjanja anatabasamu kwa upande gani wa mdomo? Hilo halikuandikwa popote. Alilitunga yeye.

Picha ikikosea nayo inadanganya, kama neno linavyodanganya. Zamani, nikianza kazi, nilichora kijiji cha mikoa yetu hii ya ziwa. Nilijivunia hasa kihenge, ghala la kusuka la kuwekea mtama; nilikaa nacho usiku mzima, ufito kwa ufito. Nikampelekea bibi yangu, ambaye hakujua kusoma. Alikiweka kitabu mapajani, akafunua ukurasa mmoja mmoja taratibu, akinisimulia mimi hadithi niliyoichora. Hakukosea hata sehemu moja. Alipofika kwenye kihenge akanyamaza. Akasogeza kitabu mwangani. Akasema: "Mjukuu wangu, hawa watu watakufa njaa."

Nikamuuliza kwa nini. Akaweka kidole. Kihenge changu hakikuwa na paa la nyasi, na nilikikalisha moja kwa moja juu ya udongo, bila mawe ya kukiinua. Mvua ingeingia juu, mchwa wangeingia chini. Na mimi nilikuwa nimechora mawingu meusi ukurasa unaofuata!

Tangu siku ile sijapeleka kitabu kwa mchapishaji kabla hakijasomwa na mtu asiyejua kusoma. Walimu, nasema kwa dhati: mtoto wa chekechea na bibi yule ni wasomaji. Wanasoma vizuri sana. Wanasoma kile alichoandika mchoraji.

Hoja ya pili: ni kazi ya maisha

Mzazi akisikia mwanawe anataka kuchora, anauliza: utakula nini? Simlaumu. Ila nataka aone njia ambazo wengine wamepita, ili swali lake lipate majibu badala ya hofu.

Nianze na John Kilaka. Alizaliwa mwaka 1966, akaingia Dar es Salaam katika jamii ya wachoraji wa Tingatinga. Mtindo huo ulianzishwa mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, aliyechora wanyama kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya mbao za kubandika, akauza Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Kilaka alirithi rangi zile kali na wanyama wale, lakini alifanya jambo ambalo wachoraji wengi wa picha za watalii hawakulifanya: aliwapa wanyama hadithi. Alikwenda vijijini, akawasikiliza wasimulizi, akarudi na simulizi zao, kisha akaziandika na kuzichora mwenyewe.

Kitabu chake cha samaki wabichi kilitoka mwaka 2001. Kikafuata kile cha marafiki wa kweli, Panya na Tembo, ambacho kilipata tuzo katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Baadaye kikaja cha mti wa ajabu. Wanyama wake huvaa nguo na kwenda sokoni, huishi kama tunavyoishi. Lakini vitabu hivi vilichapwa kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Mtoto wa Basel aliviona kabla ya mtoto wa Sumbawanga au wa Butiama. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara linaniuma. Kilaka hana kosa. Alikwenda mahali palipokuwa na mtu wa kuchapa rangi na kumlipa.

Gado alipita njia nyingine. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza kusomea usanifu majengo, akaacha. Mwaka 1992 akahamia Nairobi kuchora katuni za gazeti. Gazeti ndilo lililomlisha. Abunuwasi alizaliwa pembeni ya gazeti. Wengi wetu tumeishi hivyo. Asubuhi unachora mabango ya chanjo, jioni unachora kitabu cha darasa la pili, na usiku, watoto wakilala, unachora ile hadithi uliyoipenda.

Njia ya tatu ni ya Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, kule Kongo ambako Kiswahili kinasemwa sokoni na majumbani. Alianza na vitabu vya kuwafundisha vijana kutunza mazingira. Mwaka 2014, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, alitoa riwaya ya michoro iitwayo Madame Livingstone, kuhusu Vita ya Kwanza ya Dunia katika Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen. Wengine hapa mmeipanda meli ile bila kujua. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 tunaiita Liemba.

Nimewapa habari hizi za meli kwa sababu mchoraji lazima azijue. Anayeandika maneno anaweza kuandika "meli kubwa ya Wajerumani" akasonga mbele. Mchoraji anatakiwa kujua bomba la moshi liko wapi, baharia amevaa nini kichwani, kuli wa Kigoma alifunga nguo gani kiunoni mwaka 1915. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kula wiki nzima: siku mbili za kutafuta, siku moja ya kupanga visanduku kwa penseli, siku mbili za wino, kisha rangi, kisha kupima kama maneno yataenea ndani ya maputo bila kufunika uso wa mtu. Riwaya ya michoro yenye kurasa 100 ni kazi ya mwaka na zaidi. Mzazi anayeuliza mwanawe atakula nini yuko sahihi kuuliza. Swali hilo tumpelekee pia anayelipa.

Hoja ya tatu: jina

Katika kitabu cha Kilaka cha mti wa ajabu kuna ukame, wanyama wana njaa, na mti mmoja umejaa matunda mabivu yasiyoanguka. Wanautikisa, wanautikisa, hakuna kitu. Kobe mwenye hekima anasema matunda yataanguka mti ukiitwa kwa jina lake. Wakubwa wanakwenda kuliuliza jina, na njiani kurudi wanalisahau. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye analikumbuka. Mimi naisoma hadithi ile kama habari ya kazi yetu.

Wangapi hapa mlisoma gazeti la SANI? Naona mikono mingi, hata ya wazee. Mnamkumbuka Madenge? Lodi Lofa? Ndumilakuwili? Mnacheka, mnawakumbuka. Sasa nitajieni waliowachora. Ukumbi umekuwa kimya. Mmoja wa wachoraji wakubwa wa kurasa zile aliitwa Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, angali kijana, na wahusika wa gazeti lile wakaendelea kuchorwa kwa mikono ya wengine. Kabla yao kulikuwa na Chakubanga katika gazeti la Uhuru, tangu miaka ya 1960. Chakubanga anajulikana hata na waliozaliwa baada yake. Christian Gregory aliyemchora, nani anamtaja?

Mimi nami yalinipata. Mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, alinipa hadithi ya kurasa nne zilizopigwa chapa. Nikaigeuza kitabu cha kurasa 32. Niliongeza mbuzi ambaye hakuwemo katika maandishi kabisa, mbuzi anayemfuata msichana kila ukurasa na kula kitu fulani: kona ya gazeti, ua, mwisho ncha ya barua ambayo hadithi nzima inaitafuta. Watoto walikipenda kile kitabu kwa sababu ya mbuzi. Boksi la nakala lilipofika nikafungua kwa haraka, nikatazama jalada. Jina la mwandishi lilikuwepo, kubwa. Langu nililitafuta mpaka nikalikuta ukurasa wa ndani, chini ya namba ya kitabu, kwa herufi ndogo kama chawa, na limekosewa. Fedha nilishalipwa kwa mkupuo mmoja. Kitabu kikarudiwa kuchapwa mara kadhaa. Mwandishi alipata mrabaha wake kila mara, kama alivyostahili. Mimi na mbuzi hatukupata kitu.

Simwambii mtu kisa hiki ili anihurumie. Nataka vijana mjue sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Mchoro unalindwa tangu ulipochorwa, kama utenzi unavyolindwa tangu ulipotungwa. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeutunga ni yako. Haki ya kiuchumi inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako, kwa hiyo ni urithi wa watoto wako. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasajili kazi, na usajili ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Lakini ukishasaini mkataba unaosema umeuza kila kitu kwa mkupuo, sheria itakusaidia kidogo sana. Usomeni mkataba mpaka nukta ya mwisho. Tafuteni neno mrabaha. Kama halimo, ulizeni kwa heshima, kisha ulizeni tena.

Inawezekana kufanya vizuri. Mwaka 2020 kilitoka Marekani kitabu cha michoro kiitwacho When Stars Are Scattered. Ni maisha ya Omar Mohamed, Msomali aliyekulia kambi ya Dadaab nchini Kenya pamoja na mdogo wake Hassan, ambaye hazungumzi ila neno moja. Omar alikuwa na hadithi, lakini hakuwa mchoraji. Victoria Jamieson alikuwa mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto mwenye jina tayari, lakini Dadaab hakuijua. Wakakaa pamoja, mmoja akasimulia, mwingine akachora, akauliza, akarekebisha. Jaladani majina yote mawili yapo. Na Iman Geddy, aliyetia rangi, naye ametajwa. Kitabu kile kiliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani mwaka uleule. Majina matatu hayakupunguza utukufu wa yeyote kati yao.

Hoja ya nne: nani anunue

Hii ni fupi. Kitabu cha rangi ni ghali kwa kuwa rangi ni ghali kuchapa, na bei inashuka tu zinapochapwa nakala nyingi. Mchapishaji hachapi nyingi bila kuwa na uhakika wa mnunuzi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulilielewa tatizo hili: ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka mashuleni, mchapishaji akapata ujasiri, na waandishi na wachoraji wengi wa kizazi changu walipata kazi yao ya kwanza kupitia mlango ule. Somo lake kwa halmashauri zetu ni rahisi. Shule 20 zikiagiza kwa pamoja kitabu kimoja kila mwaka, kuna kitabu. Kila shule ikisubiri msaada, hakuna.

Tena tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza kutolewa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa kijiji hiki, kwa riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaongezwa. Nafurahi kwa moyo wote. Ombi langu kwa wanaoisimamia ni kwamba hadithi ya watoto itakaposhinda, mchoraji naye aitwe jukwaani. Na siku si nyingi, riwaya ya michoro ipate nyanja yake. Ombi hili nimeona litoke Butiama.

Tunaanzia hapa

Sasa nizungumze na nyinyi wanafunzi mliokaa chini hapa mbele.

Mwaka 1922 alizaliwa hapa mtoto, na kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa akapewa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, Kambarage. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia mashamba. Tazameni hapo: baba ni viwavi, mtoto ni mvua. Mchoraji anahitaji nini zaidi? Kitabu kinaweza kuanza na jani moja na kiwavi mmoja, ukifunua viwavi kumi, ukifunua hakuna jani. Kisha, miaka mingi baadaye, tone moja.

Mwaka 1934 mtoto huyo alikwenda Musoma kuanza shule ya Mwisenge. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu, takriban kilomita 40. Kwa maneno ni sentensi moja: alitembea hadi Musoma. Kwa picha, niambieni, mtampa kurasa ngapi? Yule binti wa nyuma anasema mbili. Kijana huyu anasema kumi. Wote wawili wana hoja. Kama ni mbili, basi ziwe kurasa mbili zinazotazamana, mtoto mdogo kabisa upande wa kushoto, majabali yetu katikati, na ziwa linang'aa mbali kulia. Kama ni kumi, mtanionyesha nyayo, kiu, mtu aliyempa maji, fisi aliyesikika, dagaa walioanikwa mchangani alipofika. Na alivaa nini? Njia ilipita wapi kabla ya lami? Sijui nyinyi, mimi ningeanzia kwa wazee waliokaa mstari ule wa mbele, kwa kuwa wao walisimuliwa na waliotembea njia ileile.

Kitabu cha watoto huwa na kurasa 32 kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na karatasi mbili ni 32. Ukiondoa za mwanzo zenye jina na maelezo, unabaki na nafasi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Kumi na nne tu. Mnaona tena kwa nini kuchagua ni kuandika?

Na Kambarage si peke yake. Waikizu wana habari za wavuta mvua wao. Wakurya, Wajita, Wakwaya, Wangoreme wana sungura wao, fisi wao, binti zao waliokataa kuolewa na zimwi. Nimezunguka na penseli mkoa huu na sijafika hata robo.

Tumekubaliana na walimu tuanze jambo dogo. Likizo hii, kila mwanafunzi anayependa kuchora ataketi na mzee mmoja, amsikilize hadithi moja mpaka mwisho, ndipo aichore katika nafasi 14. Asichore wakati mzee anasema, asikilize kwanza. Shule zikifunguliwa nitarudi, nami nitakuja na karatasi nzuri, wino na mtu wa kutusaidia kuchagua za kuchapwa. Kabla ya kuchapwa, kila moja itasomwa na mtu asiyejua kusoma. Bibi wa kijiji hiki anayekubali kazi hiyo anione baada ya hapa, italipwa.

Karatasi ya kujiandikisha iko mezani pale mlangoni. Ina safu mbili, moja ya msimulizi na moja ya mchoraji, na zina upana sawa. Andikeni majina yote mawili, kamili, kwa herufi za kusomeka.